Mjadala: Ardhi inatosha kutulisha, lakini gunia linafikaje Bahi?

Mtoa hoja, Dodoma Mjini

Ndugu zangu, naleta mbele yenu swali ambalo kila mvua zikichelewa hurudi vinywani mwa watu wa mkoa huu: je, ardhi ya Tanzania inaweza kuwalisha Watanzania wote bila kusubiri meli bandarini? Majibu ninayoyasikia ni mawili, na yote mawili yanatolewa kwa wepesi usiolingana na uzito wa jambo. Wapo wanaosema kwamba nchi yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 900,000 haiwezi kulala njaa isipokuwa kwa uvivu wa watu wake. Wapo wengine wanaosema kwamba tunazaliana mno na ardhi haiongezeki, kwa hiyo siku ya kuomba chakula kwa jirani imekwisha kufika.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hasira hazijazi kihenge. Sensa ya mwaka 1967 ilituhesabu tukiwa watu milioni 12.3, sensa ya mwaka 2022 ilitukuta watu 61,741,120, tukiongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, kasi ambayo huifanya idadi iwe maradufu katika miaka 22 hivi. Tukichukulia kwamba mtu angeishi kwa nafaka peke yake, angehitaji takribani kilo 220 kwa mwaka, yaani tani milioni 13 na nusu kwa taifa zima. Kwa mavuno hafifu ya tani moja na nusu kwa hekta, kiasi hicho kingetoka katika hekta milioni 9. Serikali imekuwa ikitaja hekta milioni 44 kuwa zinafaa kwa kilimo. Hata ukiipunguza takwimu hiyo kwa nusu, kwa sababu ya malisho, misitu na ardhi iliyochoka, bado hekta zinabaki. Kwa miaka kadhaa sasa takwimu za Wizara ya Kilimo zimeonyesha utoshelevu wa chakula unaozidi asilimia 100. Basi kwa leo wanaohofia wingi wetu hawana hoja, ingawa miaka 22 si mbali.

Ila wale wanaotaja uvivu nao wamekosea, na kosa lao linanikera zaidi. Mkulima wa Dodoma hupanda, jua likaunguza, akarudia kupanda, likaunguza tena, akaenda kuazima mbegu kwa shemeji ili arudie mara ya tatu. Huyo umwite mvivu? Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hupata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Milimita hizo si haba sana. Balaa ni kwamba hukatika katikati, mara nyingi Januari au Februari, wakati ambapo mahindi yanatoa mbelewele na hayawezi kuvumilia hata wiki mbili za jua kali. Mtama hukunja majani yake na kusubiri. Uwele ndio mvumilivu kuliko wote.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: nchi inaweza kujilisha kutokana na ardhi yake, kwa sharti kwamba kila ardhi ilimwe kile inachokiweza, na kwamba sisi wa kanda ya kati tuache kung'ang'ania mahindi kana kwamba tumezaliwa Mbozi kwenye mvua nyingi. Babu zetu walikula ugali wa uwele kwa mlenda na hawakuona aibu. Tunao ushahidi wa kile kinachotokea mtu akiilazimisha ardhi hii. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta ili walime karanga za kuikamulia Uingereza mafuta. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua zikawapa mgongo, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi hiyo leo ni ranchi ya ng'ombe. Kinachochekesha ni kwamba karanga zenyewe hustawi hapa kwa mkulima mwenye jembe la mkono na ekari mbili. Ardhi ile ilikataa haraka ya watu waliokuja bila kuuliza wenyeji.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji, Kibaigwa

Ndugu mtoa hoja, nakushukuru kwa hesabu, ila umehesabu hekta na kusahau bei. Mimi nanunua na kuuza nafaka katika soko la hapa, ambalo hupokea mahindi ya Kongwa na Kiteto na kuyapeleka Dar es Salaam na hata nje ya nchi, na kwa miaka ambayo nimekaa juu ya magunia nimeona kwamba mkulima hapandi kwa kuwa ardhi inafaa. Hupanda kwa kuwa mwaka jana alipata.

Chukua mwaka 2017. Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, kwa nia njema kabisa ya kuhakikisha kwamba chakula kinabaki nyumbani. Mwanzoni walaji wa mijini walishangilia. Mavuno yalipokuwa mengi, bei ikaanguka katika nyanda za juu kusini hadi mkulima akashindwa kurudisha gharama ya mbolea. Huko ndiko kunakolimwa mahindi yanayoiokoa Dodoma mvua zikigoma. Ukimvunja moyo mtu wa Songea au Sumbawanga leo, mwaka kesho atalima eneo dogo zaidi, na anayelala njaa ni wa Bahi, hapa mkoani Dodoma, ambaye hakuwamo katika uamuzi wowote. Linganisha na mwaka 2024: Zambia ilipopigwa na ukame, Tanzania ilikubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mkulima aliyesikia habari hiyo alikuwa na sababu ya kuongeza ekari.

Pia nashangaa tunavyosema kwamba tunajitosheleza huku asubuhi tunakula chapati na maandazi. Sehemu kubwa ya ngano yetu hutoka nje, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga wa ngano na ya mafuta ya kula ilipanda hadi kwenye vibanda vya hapa Kibaigwa. Mafuta ndiyo aibu kubwa zaidi. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, lakini tunakaangia mawese ya Asia. Wakulima walipoitikia wito wakalima alizeti kwa wingi, mafuta ya nje nayo yakaletewa nafuu ya ushuru, na mwaka 2023 watu walibaki na mbegu stooni wakilia bei. Hapo ardhi ilikosa nini? Haikukosa kitu.

Tofauti yangu na wewe ni kwamba usimwambie mkulima alime nini. Fungua mipaka, tengeneza barabara, usibadilishe ushuru katikati ya msimu, naye atajua mwenyewe.

Mchangiaji, Chamwino

Nawasalimu, wanangu. Nimesoma mlivyoandika nikaona kwamba mmoja anazungumza kama mwalimu na mwingine kama mfanyabiashara, na hakuna aliyewahi kuamia ndege.

Mtama unavumilia jua, ni kweli kabisa. Lakini ukianza kukomaa, kwelea kwelea huja kama wingu. Ndege mmoja hula gramu 10 hivi kwa siku, mtasema ni kidogo. Wakija milioni moja ni tani 10 kwa siku moja. Mwenye shamba la mtama anapaswa kuwa shambani kuanzia kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama, kwa wiki kadhaa, akipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Sasa watoto wako shule, na ni haki yao, kwa hiyo inabaki kwa mama na bibi. Mahindi yana maganda; ndege hawayawezi. Msimwone mama anapanda mahindi mkadhani amesahau mila. Amepiga hesabu ya siku zake.

Tena akivuna mtama, atauza wapi? Mnunuzi wa mahindi yupo kila njia panda. Wa mtama huja akitaka, na akija hutaja bei yake. Wengi wetu tunalima vyote viwili, kidogo mahindi kwa ajili ya bahati, kidogo mtama kwa ajili ya uhai, na sijaona mtaalamu anayeusifu mchanganyiko huo.

Kuhusu mavuno kutosha: mtu wa hapa anaweza kuvuna magunia manane mwezi wa Mei na akawa hana chakula Desemba. Matatu hulipa deni, kwa sababu mwezi wa Januari alikopa debe moja kwa ahadi ya kurudisha mawili. Mawili huuzwa papo hapo kwa ada na sare za shule, bei ikiwa chini kabisa, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Yanayobaki huliwa na mdudu dumuzi asipokuwa na mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Ndipo hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu wakati wa palizi, au huenda kulima vibarua kwa watu huku shamba lake likizongwa na majani. Mwaka unaofuata atavuna pungufu. Katika takwimu za taifa mtu huyo amejitosheleza.

Lipo na jambo ambalo mtoa hoja, kwa kuwa anakaa mjini, angelianza nalo. Tangu Serikali ihamie Dodoma, mashamba yaliyotulisha pembezoni mwa mji yamepimwa viwanja. Mtumba, Nala na Ihumwa watu walikuwa wakilima. Sipingi mji. Nasema tu kwamba mkizihesabu hekta, zihesabuni na hizo ambazo sasa zina misingi ya nyumba.

Mchangiaji, Kondoa

Naongeza moja tu. Sisi wa Kondoa tulionyeshwa kwamba ardhi si mali isiyoisha. Makorongo yalikuwa yamekula vilima hadi Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ilipoanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika. Majani yalirudi. Waliobaki na uchungu ni wafugaji walioambiwa waondoe ng'ombe bila kuelezwa kwa undani waende nao wapi, na baadhi ya mzigo ukahamia kwa majirani. Anayesema kwamba tuna hekta milioni 44 atuambie pia ngapi kati yake zina mtu au ng'ombe juu yake tayari.

Mtoa hoja, Dodoma Mjini

Shikamoo, mama wa Chamwino. Nalifuta neno "kung'ang'ania", maana nililitumia bila kufikiri kuhusu siku za kuamia ndege. Hata hivyo sifuti hoja nzima, na naomba niieleze upya.

Wazee wa Ugogo walikuwa na jina la njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920: Mtunya. Mvua ziliwapa mgongo, hilo halina ubishi, lakini mvua zilikuwa zimewapa mgongo Wagogo mara nyingi kabla ya hapo na watu wakaishi, kwa kuuza ng'ombe, kwa kwenda kwa ndugu waliovuna na kwa kufungua vihenge. Safari hiyo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kupita, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Ukame ulikuta nyumba tupu. Alichokieleza mama, yaani deni la Januari, lumbesa na ada ya Mei, ni nyumba inayotolewa akiba yake polepole bila jeshi lolote kupita, na ndiyo maana nasema sasa kwamba swali la kwanza si hekta ngapi, ni nani anaweza kukaa na magunia yake hadi Desemba.

Hapo ndipo naachana na ndugu wa Kibaigwa. Nakubaliana naye kwamba kufunga mipaka humwadhibu mkulima, na kwamba ushuru wa mafuta usichezewe katikati ya msimu. Lakini bei nzuri ya mahindi ya Agosti humfaidi aliyeweza kusubiri hadi Agosti, na hao hapa kwetu ni wachache. Soko likiachwa peke yake litamlipa vizuri mwenye stoo ya Kibaigwa kwa mahindi aliyoyanunua Mei kwa mama wa Chamwino. Simlaumu, ni biashara. Ila Wakala wa Hifadhi ya Chakula ukiununua mtama kwa uhakika kama unavyonunua mahindi, kwa bei iliyotangazwa kabla ya kupanda, na stakabadhi ya ghala, yaani hati ya nafaka aliyoiweka ghalani, ikampa mkulima fedha ya ada bila kumlazimisha kuuza, basi mama atakuwa na sababu ya kuvumilia kwelea kwelea.

Na kuhusu mavuno yenyewe, hatuna haja ya kusubiri trekta. Katika kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, wakulima huchimba vishimo vya upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30, hutia samadi ndani, na maji ya mvua moja hukaa humo yakingojea mvua inayofuata. Kazi yake ni ngumu wakati wa kiangazi, udongo ukiwa jiwe, na bado sijui nimwambie mama achimbe lini, ikiwa Oktoba yote anafanya vibarua ili ale. Ndugu wa Kibaigwa, wewe unayenunua: mtama safi, usio na mchanga, ungeununua kwa bei gani leo, na ungekubali kuiandika bei hiyo mwezi wa Novemba?