Ajira ya laki nne au nifungue duka la mchele?

Kijana Mbagala
Habari za saa hizi wakuu, naombeni ushauri. Nina digrii ya uhasibu, nimesota kitaa mpaka juzi nimeitwa kazi kampuni binafsi, mshahara 400,000 kabla ya makato. Hapo hapo nina milioni mbili na nusu nimedunduliza kwa kuuza mitumba, na kuna fremu imepatikana huku kwetu laki moja kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita, nataka niweke mchele na maharage. Mama anasema niende kazini, washkaji wanasema nijiajiri. Nipo njia panda kweli.

Muuza nafaka
Dogo piga hesabu kwanza. Laki sita ya fremu imeshaondoka, bado mizani, leseni, usafiri. Tufanye kila kilo unabaki na 200, ili ufikishe hiyo 400,000 na kodi ya fremu inabidi uuze kilo 2,500 kwa mwezi, yaani kama kilo 83 kila siku na Jumapili humo humo. Mtaa wako unakula hizo? Kakae pale karibu na fremu jioni mpaka saa mbili usiku uangalie wateja wanachukua robo, nusu au kilo tano, na wangapi wanaandikiwa kwenye daftari, maana daftari ndio linaua maduka ya mtaani.

Mkaguzi
Mkuu hapo juu, laki nne haifiki mkononi. NSSF (mfuko wa pensheni) 10% ni 40,000, kama alisoma kwa mkopo bodi ya mikopo wanakata 15% ni 60,000, kodi ya mshahara kama 7,200, anabaki na 292,800 na nauli hajatoa. Kwa hiyo duka likiuza kama kilo 65 kwa siku linalingana na hiyo kazi. Ila dogo ujue bodi wanakudai hata ukijiajiri.

Mama wawili
Mwanangu nenda kazini, ila huo mtaji usiulaze. Chukua gunia moja la mchele soko la Tandale, pima kilo tano tano kwenye mifuko, uza kwa wafanyakazi wenzako na majirani, mwisho wa mwezi lipwa. Mimi ndio nilivyoanza na wateja wale wale wakanifuata dukani.

Kijana Mbagala
Asanteni sana wakuu, na shikamoo mama. Ni kweli bodi wananidai. Fremu naiacha kwanza, Jumamosi naenda Tandale. Mama, nianze na wa Mbeya au wa Morogoro?

Mama wawili
Marahaba. Wa Mbeya kwa harufu, ila tia mkono mpaka katikati ya gunia uangalie chenga (punje zilizokatika), wa juu huwa umepangwa.