Naomba ushauri: taa ya eabegi haizimi, tatizo liko mkanda wa dereva

Habari za jioni wakuu. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukukinga ajalini) kwenye gari yangu inawaka wiki ya tatu sasa. Fundi alichomeka mashine ya kupima, ikaonyesha ukinzani mkubwa kwenye saketi ya kikaza mkanda cha dereva, yaani kile kifaa chenye baruti kinachovuta mkanda ukubane ajali ikitokea.

Nilichomoa hasi ya betri, nikasubiri robo saa, ndipo nikafungua ile plagi ya njano chini ya kiti. Pini moja ilikuwa na kutu ya kijani. Nikaisafisha, fundi akafuta kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, taa ikazimika siku mbili. Niliposogeza kiti nyuma tu, ikawaka tena.

Fundi mwingine anataka kufunga rizista (kipande cha kukinza umeme) ya ohmu 2 mahali pa kikaza ili kompyuta ya eabegi idanganyike. Hilo sitaki kabisa. Ajali ikitokea mkanda hautanikaza, na wanangu nawapeleka shule kila asubuhi.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie: plagi hiyo inaweza kukatwa na kuungwa nyingine, au ni lazima nibadilishe waya wote? Na kama waya umekatikia ndani, niupimeje bila kukilipua kikaza? Nimeambiwa multimita (kipima umeme) ikigusa pale baruti inaweza kushika, kwa hiyo sijathubutu.