Fundi ametuwekea databesi ya hosti 5, sisi tuko na 9! Nani atalipa?

Wandugu wa Lubumbashi, nina hasira na sitaificha.

Februari hii ya 2014 tulimlipa fundi, dola mkononi, atufungie vCenter 5.5, programu ya VMware ya kusimamia seva zote kwenye dirisha moja, kwenye Windows. Tuna hosti 9, yaani seva zenyewe, na mashine pepe 112, zile kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya hosti. Hesabu hizo niliziandika mwenyewe kwenye karatasi ya oda, ukurasa wa kwanza. Hakuuliza swali hata moja. Ilipofika zamu ya kuchagua databesi ambamo vCenter itaweka rekodi zake, alibofya SQL Server Express ile inayokuja na vCenter, akaendelea. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nikamwuliza kama itatosha. "Yaya, hii ni ya bure, tena ni ya Microsoft. Unataka nini tena?"

VMware wenyewe waliandika kwenye maelekezo yao ya 5.5: Express ni kwa hosti zisizozidi 5 na mashine pepe zisizozidi 50. Ukivuka hapo unaweka SQL Server kamili au Oracle. Kama leseni inakushinda, kuna ile vCenter ya Linux iliyokwisha kutengenezwa tayari: katika 5.5 ina databesi ya PostgreSQL ndani yake, inabeba mpaka hosti 100 na mashine pepe 3,000, na databesi hiyo hailipiwi leseni ya pembeni. Mtu anayekula pesa za watu kwa kazi hii anakosaje kujua hilo?

Jumatatu iliyopita huduma ya vCenter ikaanza kuwaka na kuzima. Nafungua logi: kosa 1105, nafasi imejaa. Naangalia diski: GB 380 ziko wazi! Nikampigia. "Yaya, ongeza diski." Nikamweleza mkubwa wetu kwamba faili la data la Express hiyo haliendi zaidi ya GB 10, hata ukiipa diski ya nchi nzima. Akamsikiliza fundi. Diski mpya ikanunuliwa, ikafungwa, na kosa likabaki lilelile.

Kilichojaza ni takwimu za utendaji ambazo vCenter hukusanya. Kiwango chake cha kawaida huwa 1. Yeye alipandisha mpaka 3 bila kumwambia mtu, na matukio ya zamani hakuyawekea muda wa kufutwa. Na bakapu, aliyotuapia kwamba "inajifanya kila usiku"? Express haina Agent ya kuendesha kazi za usiku, na kwenye ratiba ya Windows hakuweka kitu. Folda nimeifungua. Tupu. Miezi tisa.

Atasema mashine pepe hazizimiki vCenter ikifa. Kweli, zinaendelea kwenye hosti zao. Lakini Alhamisi usiku mvua ilinyesha, umeme ukaenda, jenereta ikagoma kuwaka. UPS, zile betri za akiba, zinalia, mimi na tochi ya simu mdomoni, naingia hosti moja moja kwa anwani zilizoandikwa kwenye kipande cha katoni, nenosiri la kila moja, nazima mashine moja baada ya nyingine. Kazi ambayo kwa vCenter ningeifanya kwenye dirisha moja. Nikafika hosti ya saba. Mbili za mwisho zikakatika ghafla, na ya uhasibu ilikuwa humo. Mama wa uhasibu ameingiza upya hati za siku mbili, na sikuwa na neno la kumwambia.

Sasa fundi anataka alipwe tena ili "arekebishe". Hapana! Pesa ya kwanza airudishe, na ya diski pia.

Huku nyuma nataka kuitoa hii databesi kwenye Express niipeleke SQL Server Standard bila kupoteza vibali vya watumiaji na klasta zetu, yaani makundi ya hosti. Nimepunguza takwimu, nimefuta matukio ya zamani, huduma imewaka tangu jana na bakapu ya mkono nimeshachukua. Kuna mtu hapa Katanga aliyewahi kuibadilisha ile DSN ya 64-bit, mpangilio wa Windows unaoionyesha vCenter databesi yake iko wapi, kwenye 5.5? Baada ya hapo huduma yako iliwaka mara moja, au kuna kitu kingine uligusa?