Braddon na Ellen Wood: walisahaulika kwa kuwa ni wanawake, au riwaya zao ni nyepesi?

BintiMakame
Wadau, habari za jioni. Nimemaliza riwaya ya Lady Audley's Secret ya Mwingereza Mary Elizabeth Braddon (1862), na nimekasirika. Mwalimu wa nyumbani, mrembo, hana kitu, anaolewa na mzee mwenye cheo na jumba. Kumbe ana mume, alikwenda Australia kutafuta dhahabu. Mume anarudi, bibi anamsukuma kisimani. Kitabu kiliuzwa mpaka mchapishaji akajenga nyumba akaiita Audley Lodge. Braddon kaandika riwaya zaidi ya 80. Leo Wilkie Collins, mwanaume aliyeandika mambo hayohayo miaka ileile, yuko kila rafu. Braddon mpaka umchimbe. Sisi tuliletewa Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, wanaume wanafukuzia mali. Za kina mama hawa kwa Kiswahili sijakutana nayo hata moja. Kosa lao nini, jinsia?

Kipanga_Mweupe
Kwanza umetuharibia kitabu, mambo ya kisima ungetuachia. Pili, tuseme ukweli: zile ni hadithi za mahausigeli. Uzuri, siri, moto, wazimu. Hata mwandishi mwanamke mwenzao George Eliot (jina la kalamu hilo) alizicheka riwaya za kijinga za mabibi kwenye makala nzima. Sasa mimi nani nibishe?

Mtoto_wa_Upanga
"Hadithi za mahausigeli"? Mimi nimesomeshwa kwa mshahara wa hausigeli. Mama yangu kafanya kazi za ndani miaka 19, na kila gazeti lililofungiwa maandazi alilisoma mpaka matangazo ya vifo. Rudia hiyo kauli tena, mkuu.

Kipanga_Mweupe
Sijamtaja mama yako. Nimetaja aina ya hadithi. Povu la nini?

MwalimuMstaafu
Vijana, tulieni. Kipanga, makala ya Eliot ni ya 1856, Lady Audley katoka 1862. Alimchekaje mtu ambaye hajaandika bado? Aliyemshambulia Braddon ni mwandishi mwenzake Margaret Oliphant, 1867, jarida la Blackwood's. Mjane huyo, alilisha wanawe na watoto wa kaka yake kwa kalamu, vitabu karibu mia, na leo naye nani anamjua? Hayo ya jikoni umeyarithi bila kujua. Mwaka 1865 mhakiki mmoja alimlaumu Braddon kwa kuifanya fasihi ya jikoni kuwa kipenzi cha sebuleni. Kilichomuuma ni kwamba bibi na mtumishi wake wanasoma kitu kimoja. Ingawa kununua ilikuwa shughuli: riwaya ya juzuu tatu shilingi 31 na peni 6. Hata wenye nazo walikodi kwa Mudie, maktaba ya kukodisha vitabu, gini moja (shilingi 21) kwa mwaka.

Mtoto_wa_Upanga
Asante Mwalimu. Shikamoo.

Chumvi_ya_Bahari
Mbona hamumtaji Ellen Wood? East Lynne, 1861. Isabel anamwacha mume mwanasheria na watoto, anatoroka na bwana mwingine, anatelekezwa, ajali ya treni inamharibu sura. Anarudi kwenye nyumba yake mwenyewe kuwafundisha wanawe, hakuna anayemtambua, na mumewe kaoa. Mtoto anamfia, naye analia: "Amekufa, na hakuniita mama!" Nililia usiku mzima.

Fundi_Saa
Alijitakia. Mume mpole, chakula kipo, watoto wazima. Alitaka nini tena?

BintiMakame
Mpole? Alikuwa anakutana gizani na Barbara, huyo aliyemwoa baadaye, bila kumwambia mkewe kitu.

Fundi_Saa
Kwa ajili ya kesi ya kaka yake Barbara, aliyesingiziwa mauaji! Ni siri ya mteja. Nyie dada zetu mnatetea kila atorokaye.

Chumvi_ya_Bahari
Sheria ya talaka ya Uingereza ya 1857 ilisema hivi: mume akithibitisha zinaa ya mke, basi, kaachika. Mke athibitishe zinaa *na* ukatili, au kutelekezwa, au balaa jingine juu yake. Ndiyo haki unayoitetea, kaka Fundi?

MwalimuMstaafu
Chumvi, samahani mwanangu. Hayo maneno ya "hakuniita mama" hayamo kitabuni. Ni ya michezo ya jukwaani iliyotokana na kitabu.

Chumvi_ya_Bahari
Mwalimu, umeniua. Sasa nililia nini?

Wifi_Mkubwa
Napita tu. Mnazozana kuhusu mume, hamumwoni wifi? Cornelia alihamia kwa kaka yake hata kabla maharusi hawajarudi, akatawala nyumba nzima. Huyo mke alikimbia wifi, yule bwana ilikuwa usafiri tu.

Fundi_Saa
Jina lako linajieleza, nashangaa unavyojisema.

Wifi_Mkubwa
Ndiyo maana najua ninachosema 😂

Kipanga_Mweupe
Na huyo Braddon wenu kaishi na John Maxwell, mchapishaji, mke wa Maxwell yupo hai, mgonjwa wa akili. Ndoa wamefunga 1874 tu. Halafu anatuandikia kuhusu wenye waume wawili. Hahaha.

BintiMakame
Na akalea watoto watano wa huyo mke pamoja na wake. Hilo halichekeshi? Mwandishi Dickens alimfukuza mama wa watoto wake kumi, mbona hamumhukumu kwa ndoa yake? Jamani, mada ilikuwa nani kasahaulika na kwa nini.

Mtoto_wa_Upanga
Nimempigia mama nikamsimulia East Lynne yote. Kanisikiliza kimya. Halafu kauliza: "Jikoni alikuwa anaamrisha nani?" Nikasema wifi. Akasema, "Basi huyo dada alichelewa kuondoka."

Kipanga_Mweupe
Mama yako mpe shikamoo zangu. Nimekosa, nakiri.
Ila BintiMakame, yule wa kisimani… alikufa kweli?

BintiMakame
Kasome.