Vikokotoo vitatu, GFR tatu: nifuate ipi kabla ya CT ya kontrasti?

Mzingani: Wakuu wa mionzi na figo, naomba ushauri. Niko Tanga mjini. Kuna mama wa miaka 62, kilo 48, urefu sentimita 155, ana kisukari na anatumia metformini. Ameandikiwa CT (picha ya mionzi ya kompyuta) ya tumbo yenye kontrasti, dawa ya kuchoma mshipani ili picha ionekane vizuri. Kreatinini (taka ya kwenye damu inayotolewa na figo) ya juzi ni 115. Programu moja ya simu imenipa GFR (kasi ya figo kuchuja damu) 46, nyingine 34, ya tatu 51. Ya nne imetoa 0.2, hiyo nimeipuuza. Anatokea Pangani, sitaki afunge safari halafu arudishwe mlangoni. Nishike ipi? Na metformini aache?

Chumbageni: Usiipuuze hiyo 0.2, mkuu. 115 ni mikromoli kwa lita, na programu hiyo inasubiri miligramu kwa desilita. Gawa kwa 88.4 upate 1.30, rudia, itakupa 46. Safari hii kosa limejianika lenyewe kwa kuwa limepita kiasi. Soma yuniti kwenye karatasi ya maabara kila mara, hata kama maabara ni ileile.

Mwambani: Hesabu zote tatu ni sahihi, fomula ndizo tofauti. 46 ni CKD-EPI ya 2021, fomula ya kukadiria GFR kwa kreatinini, umri na jinsia. 51 ni CKD-EPI ya 2009: bila shaka ilikuuliza kama mgonjwa ni mweusi, ukajibu ndiyo, ikazidisha kwa 1.159. Fomula ya 2021 imeliondoa swali hilo, kwa hiyo hiyo programu ifute. 34 ni Cockcroft-Gault ya 1976: (140 − 62) × 48, gawa kwa (72 × 1.30), zidisha 0.85 kwa kuwa ni mwanamke. Hiyo itunze kwa dozi za dawa, gentamisini kwa mfano.

Kwa kontrasti ya kwenye vena shika CKD-EPI. Miongozo ya wanaradiolojia wa Marekani na wa Ulaya inaweka mpaka kwenye 30. Kwa 46 apimwe, na metformini aendelee nayo. Ingekuwa chini ya 30, angeiacha siku ya kipimo, kreatinini ikarudiwa baada ya saa 48, ndipo aanze tena figo zikiwa hazijabadilika.

Pongwe: Niongeze kuhusu mwili wake. Hiyo 46 imekadiriwa kwa mtu mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.73. Lake ni kipeuo cha pili cha 155 × 48 ÷ 3600, yaani 1.44. Kwa hiyo 46 × 1.44 ÷ 1.73 ni 38. Bado amevuka 30. Ila kreatinini hutoka kwenye misuli, na mtu aliyekonda kikokotoo humpa figo nzuri kuliko alizonazo. Waambie chumba cha CT uzito wake: ml 100 za mazoea kwa kilo 48 ni zaidi ya ml 2 kwa kilo. Wengi hutumia 1 hadi 1.5, kwake ni ml 48 hadi 72.

Mzingani: Shukrani sana. Yuko siku ya nne ya septrini (antibiotiki) kwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Inabadilisha kitu?

Chumbageni: Inabadilisha sana. Trimethoprimu iliyomo huzuia mirija ya figo kutoa kreatinini, basi namba hupanda hata kama uchujaji haujashuka. Lakini usimalizie hapo, maana UTI yenye homa na kutapika nayo inaweza kuumiza figo kweli. Tafuta kreatinini yake ya zamani. Ikiwa imepanda mikromoli 26.5 ndani ya saa 48, au mara moja na nusu ndani ya siku 7, hesabu figo zimeumia ghafla. Hapo hakuna kikokotoo kinachofaa, kwa sababu vyote vinadhani kreatinini imetulia. Metformini isimame, na umpigie daktari wa mionzi kabla mama hajapanda gari.

Kama hakuna ya zamani, rudia kipimo hukohuko Pangani kesho. Uliza pia kama anameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo. Kwenye fomu ya CT andika kreatinini na yuniti yake, tarehe, uzito, septrini, na jina la fomula uliyotumia.