Familia ya Kikwajuni, Unguja: Babu kaachiwa nyumba

Babu Haji: Assalaam alaykum jamaa wote. Tumeamka salama alhamdulillah. Nimekunywa chai kwa boflo na samaki wa jana maana mwenye jiko yuko Muscat anabembeleza mjukuu na mie nimeachiwa friji lina vibakuli vya aiskrimu vimeandikwa siku kwa kalamu ya wino, Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa

Salma: Waalaykum salaam babu shikamoo. Leo cha Jumanne kina nini?

Babu Haji: Marahaba mwanangu. Cha Jumanne mchicha. Nimekula cha Alhamisi

Salma: 😂😂 babu!

Babu Haji: Kilikuwa na pweza wa nazi. Sasa pweza unamwachaje mpaka Alhamisi, umeme wenyewe huu

Bibi Zuhura: Haji. Pweza yule nilimtia kwa ajili ya wageni wako wa Alhamisi

Babu Haji: Wa alaykum salaam Bi Zuhura. Wageni nitawapa mchicha. Mtoto hajambo?

Bibi Zuhura: Hajambo, kalala. Huku saa tano sasa. Maryam anakusalimu

Babu Haji: Huku saa nne. Jamani nikwambieni kitu, mtu akistaafu watu wanadhani anakaa tu. Mie nilipokuwa bandarini nilikuwa nakaa kwenye kiti kutwa, sasa ndio sikai, asubuhi barazani, kahawa, mechi ya bao moja ikizidi mbili, halafu Darajani kuuliza bei ya jodari, sinunui nauliza tu nijue dunia inakwendaje, narudi adhuhuri, nalala kidogo, alasiri baraza tena kuwaeleza wale waliokosa asubuhi, magharibi ishafika. Usiku kuna ile tamthilia ya Kituruki wameitia Kiswahili, wote wanaongea kama watangazaji wa mpira hata anayekufa kitandani

Salma: Kumbe unaangalia tamthilia!!

Babu Haji: Nasubiri taarifa ya habari. Inatangulia

Nassor: Muongo babu jana kaniambia ninyamaze mama mkwe anataka kutia sumu 😭

Babu Haji: Alitaka kweli

Nassor: Leo lakini hakuna tamthilia. Nimeshusha Sholay kwenye laptopu tunaangalia wote, nimemuahidi

Babu Haji: Na mimi napika urojo. Picha ya Kihindi ya saa tatu na zaidi haiendi na tumbo tupu. Zamani pale sinema ya Cine Afrique, mtaa wa Malindi, kabla hujaingia unanunua njugu kwenye karatasi iliyokunjwa, mapumziko unatoka unakunywa soda unarudi mbio maana ukichelewa kiti kina mtu. Tiketi yenyewe kuipata kazi, walanguzi wamenunua zote tangu asubuhi wanakuuzia mlangoni bei wanayotaka, na unanunua, utafanyaje umeshavaa

Bibi Zuhura: Umeshavaa suruali ya bomba na nywele kama Amitabh

Babu Haji: Wakati huo nilikuwa nazo

Ami Suleiman: Assalaam alaykum. Baba shikamoo, mama shikamoo. Nimeona meseji 40 nikadhani kuna msiba

Babu Haji: Marahaba. Hakuna msiba kuna Sholay

Ami Suleiman: Ah ile steringi anakufa

Nassor: AMI!!! sijaiona!!

Ami Suleiman: Picha ya 1975 mwanangu. Imetoka miaka hamsini sasa

Babu Haji: Mwache ajue. Ndicho nilichotaka kukielezea. Sie tulizoea steringi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, risasi ya bega, lakini hafi, ndio maana tumelipa. Sasa pale darajani, Jai, ndiye Amitabh mwenyewe, kabaki peke yake anawazuia majambazi ili mwenzake aende, kapigwa risasi, sie tunangoja ainuke. Hainuki. Kuna mtu nyuma yangu akasema kwa sauti yakhe atainuka huyu, subirini. Anafia mikononi mwa mwenzake na yule mjane aliyempenda anabaki peke yake. Na aliyecheza huyo mjane, Jaya, ndiye mke wake Amitabh wa kweli, walishaoana miaka miwili kabla, sie tunajua hayo yote, magazeti ya filamu ya Bombay tulikuwa tunayaazimana mpaka yanachanika. Basi ukumbi kimya. Kwenye picha za Kihindi ukumbi hauwi kimya abadan

Salma: 😢

Rehema: Baba shikamoo. Msiringe sana na Cine Afrique sisi Dar tulikuwa na Drive-In tangu 1966, unaangalia umekaa kwenye gari na familia na chakula chako

Babu Haji: Marahaba mkwe. Na asiye na gari?

Rehema: Anadandia la mwenye nalo 😄 pikapu moja watu kumi

Babu Haji: Na iko wapi sasa

Rehema: Si pana ubalozi wa Marekani

Babu Haji: Haya. Televisheni je? Sie Unguja tuna ya rangi tangu miaka ya sabini, nyie mpaka 1994 mnaangalia ukuta

Ami Suleiman: Baba usinigombanishe na mke wangu

Rehema: Mwache baba, nitamkumbuka nikileta zawadi za Idi

Nassor: [picha] Jamani urojo huu

Salma: Hiyo ni nini hiyo mabonge

Babu Haji: Viazi

Bibi Zuhura: Nimetizama. Si viazi. Umemwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Unga unaukoroga na maji baridi kwenye bakuli mpaka uwe laini hauna hata donge, na manjano humo humo, halafu unaumimina kidogo kidogo huku unakoroga na moto mdogo. Embe bichi ulitia?

Babu Haji: Nimetia ndimu

Bibi Zuhura: Embe bichi ndio unaanza, unalikata unalichemsha mpaka lilainike unalivuruga, ndimu ni ya kumalizia. Sasa toa, chuja na chujio la chai, rudisha motoni. Bajia umekaanga mwenyewe?

Babu Haji: Bajia nimenunua. Kachori nimenunua. Mishkaki Nassor kaifuata. Chatne ya nazi nimetengeneza mwenyewe na ni nzuri muulize

Nassor: Chatne nzuri kweli bibi. Pilipili imezidi natoka machozi lakini nzuri

Bibi Zuhura: Haya angalieni picha yenu mwisho Gabbar, yule mkuu wa majambazi, anauliwa

Nassor: BIBI!!!!!

Babu Haji: Hauliwi. Polisi wanakuja wanamkamata

Bibi Zuhura: Anauliwa. Thakur, yule polisi mstaafu, hana mikono kakatwa, anamkanyaga kwa viatu vya misumari. Nimeona kwa macho yangu kwa jirani miaka ya tisini kwenye kaseti ya video, tumejaa chumba kizima

Babu Haji: Mie nimeona kwa macho yangu ukumbini. Thakur anataka kumuua, polisi anatokea anamwambia muachie sheria. Nikatoka nimekasirika mpaka Kikwajuni naenda kwa miguu nasema polisi walikuwa wapi picha nzima

Bibi Zuhura: Ulisinzia

Babu Haji: Kwenye Sholay???

*Usiku*

Nassor: Tumemaliza. Jamani. Kwenye hii tuliyoangalia anauliwa

Bibi Zuhura: 😌

Babu Haji: Huyu kaleta picha ya bandia

Nassor: Babu subiri nimesoma mtandaoni, wote mko sawa. Picha ilipigwa mwisho wake anauliwa na viatu vya misumari. Lakini Juni 1975 Indira Gandhi akatangaza hali ya hatari India, wakaguzi wa serikali wakakataa, polisi mstaafu vipi ajichukulie sheria mkononi, wakalazimisha mwisho mwingine upigwe wa kukamatwa, ndio ukaingia sinema Agosti. Ule wa kwanza ukaja kutoka baadaye kwenye video. Babu kaona wa sinema, bibi wa kaseti

Ami Suleiman: Kumbe! Miaka yote hii ndani ya nyumba moja

Salma: Hamjawahi kuongea hili??

Bibi Zuhura: Tumeongea sana. Yeye anasema polisi mie nasema viatu, halafu tunakula

Babu Haji: Mie wangu ndio wenyewe. Nilikata tiketi, tena kwa mlanguzi. Kaseti ya kuazima si ushahidi

Bibi Zuhura: Wako wameandika serikali, wangu kaandika mwenye picha. Nani mwenye picha?

Rehema: Mama kashinda 🙌

Babu Haji: Mkwe wewe endelea na Drive-In yako. Lakini nikiri huu wa viatu umenikamata. Yule mzee hana mikono shali imemwanguka mabegani, anapigana kwa miguu tu, nimejikuta nimesimama na bakuli la urojo mkononi. Nassor naye kasimama. Huyu mtoto anayeangalia kila kitu kwenye simu kalala ubavu, leo kapiga kelele mpaka jirani kaja kuuliza

Nassor: Jirani kaja akakaa. Kala kachori nne

Ami Suleiman: Jumamosi nakuja na boti ya asubuhi, mniwekee nami niione hiyo ya viatu. Nilete nini?

Babu Haji: Lete unga wa dengu, uliokuwepo umekwisha, na chujio la chai jipya. Njoo navyo kimya kimya

Bibi Zuhura: Nimeona