Tupeane uzoefu: siku vichochoro vya Amu (mji wa Lamu) vilipokukwamisha

Mwana Mkomani
Jana nyuma ya Ngome nimekuta vijana wanabishana na friji ya milango miwili. Rukwama haigeuki kona, punda kagoma, mwenye friji yuko juu darini apiga makelele. Nikakumbuka sofa la shemeji yangu. Lilitoka Mombasa kwa lori mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, likavushwa kwa mashua, likafika mlangoni bila mkwaruzo. Kupanda ngazi likakataa. Mwazijua ngazi zetu za mawe. Likakaa dakani, barazani pa mlango, mwezi mzima, wazee wa mtaa wakawa walikalia wakinywa kahawa. Leteni yenu.

Bint Langoni
😂😂 Dakani! Letu tulilipandisha kwa kamba mpaka darini.

Fundi Chokaa
Mwanunua vitu vya Nairobi kwa nyumba za boriti. Upana wa chumba cha Amu umeamuliwa na boriti ya mkoko, mita 3 kasoro. Ndiyo maana msana, ukumbi wa ndani, ni mrefu, mwembamba. Pima mlango, pima ngazi, ndipo uende dukani.

Bint Langoni
Fundi, mlango wako mwenyewe wapitisha nini?

Bandarini
Mimi si mwenyeji, nilikuja Maulidi. Nikaambiwa nikipotea niteremke tu, njia zote zaishia baharini. Nikateremka, nikajikuta uani kwa watu, mama mmoja akuna nazi. Alinipa chai. Ngome ya Mreno niliiona kesho yake.

Maalim wa Usita
Mreno gani tena? Ngome ilianza kujengwa baada ya Vita vya Shela, mnamo 1813, ikamalizwa 1821 kwa msaada wa Waomani. Baadaye ikawa jela hadi 1984. Wareno wa Mombasa waacheni Mombasa.

Bandarini
Samahani Maalim, niliambiwa na aliyenibebea begi.

Kijana wa Gati
Dawa ya haya yote ni pikipiki. Mwaka gani huu bado tunasukuma rukwama?

Maalim wa Usita
Pikipiki Usita wa Mui, njia kuu ya mji? Punda wawili wenye shogi, mifuko ya mizigo mgongoni, wakikutana tayari wewe wabana mgongo ukutani. Watoto wa madrasa wapite wapi? Hatukuandikwa urithi wa dunia 2001 kwa sababu ya moshi.

Kijana wa Gati
Urithi wa dunia utakubebea mgonjwa saa nane ya usiku?

Ummu Wikio
Hapo umenigusa, acha niseme. Dada yangu alishikwa na uchungu usiku, stima imezima mji mzima, mumewe yuko baharini. Nyumba yetu iko juu kabisa mtaa wa Mkomani, ghorofa ya pili. Kitanda hakigeuki ngazini, ikabidi tumkalishe kwenye kiti cha mbao, tumfunge leso mbili kifuani, majirani wawili mbele, ami yetu nyuma. Kila kona ya ngazi ami asema "taratibu", dada asema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Tukatoka njiani. Tukafika chini ya wikio, chumba kilichojengwa kuvuka juu ya njia, pale ambapo hata mchana ni kiza, wa mbele akasimama ghafla. Punda. Wamelala, wamejaza njia ukuta hadi ukuta. Tukapiga "simile! simile!", tukapiga makofi. Hakuna aliyenyanyua hata sikio. Kurudi nyuma hatuwezi, kiti hakizunguki. Dada akafungua leso mwenyewe, akashuka, akavua kiatu, akampiga punda wa kwanza nacho huku ameshika ukuta. Punda akainuka. Na dada akakaa chini, akasema, "Siendi popote."

Mlango wa kando ukafunguka. Bibi mmoja na taa ya chemni. Hakuuliza sisi ni nani. Akamshika dada mkono, akamwingiza dakani, akawaambia wanaume wageuke wakatazame punda. Mtoto akatokea pale pale, adhana ya alfajiri bado. Yule mtoto yuko madrasa sasa, na mtaa mzima wamwita Wikio.

Bint Langoni
Mashaallah! Nimelia na kucheka. Bibi yule Mungu amjalie.

Mwana Mkomani
Na sofa langu limesahaulika.

Mwenye Punda Sita
Msiwaonee punda. Mchana kutwa wamebeba mawe na mchanga wenu, usiku walale wapi? Laumuni waliojenga vizingiti hadi katikati ya njia. Na kiatu kile ni cha nini? Ungemvuta sikio taratibu.

Ummu Wikio
Mwenye Punda, ungekuwepo ungevuta wewe.

Kijana wa Gati
Punda wa Amu ana zahanati yake pwani tangu 1987, atibiwa bure. Sisi twabebwa na kiti.

Fundi Chokaa
Kiti kilikuwa sawa. Mimi huwaambia watu: kila nyumba ya ghorofa iwe na kiti chenye mikono na kamba.

Bint Langoni
Kamba ya nini, mzazi si sofa. Mwenye mimba ya miezi minane ahamie mtaa wa Langoni, njia pana. Basi.

Maalim wa Usita
Pana tangu lini?

Jirani wa Riyadha
Salaam jamani. Nina tangi la maji la lita 1,000 limekaa Mokowe. Kwangu ni nyuma ya msikiti wa Riyadha. Nani ana rukwama pana?

Fundi Chokaa
Kule litapita.

Mwenye Punda Sita
Halipiti. Litafika kona ya muuza sambusa, hapo utalala nalo. Nunua mawili ya 500.

Jirani wa Riyadha
Nishalilipia.